Joto Hutangulia Moto: Kamera ya Joto na Umeme wa Juba

Katika mtaa wa Mangateen jijini Juba, waliokimbia vita vilivyozuka Desemba 2013 wanaishi kwa kusongamana. Cheche moja ya waya inaweza kuteketeza makazi mengi. Je, hitilafu inaweza kuonekana kabla ya moto?

Mwaka 1800, nchini Uingereza, mwanafalaki William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu. Mwanga haukuonekana hapo, lakini joto lilipanda. Ugunduzi huo ndio msingi wa kamera ya joto, ambayo katika miaka ya 1960 Uswidi iliitumia kukagua nyaya za umeme.

Kiungo cha waya kikilegea, ukinzani huongezeka na kiungo hupata joto. Mkondo ukiwa maradufu, joto linalozalishwa huwa mara nne. Kamera hukionyesha kiungo hicho umeme ukiwa unapita. Ukizimwa, kitapoa na dalili itapotea.

Juba, iliyotegemea jenereta kwa miaka mingi, ilizinduliwa mtambo wa megawati 33 mwaka 2019. Mtandao wake ungali mchanga, hivyo ukaguzi uanze sasa. Anayesubiri moshi amechelewa.