Kazi Mashariki mwa Kongo: Haki za Mfanyakazi na Wajibu wa Mwajiri

Vijana wengi wa makanisa yetu wanamaliza masomo, wanashika diploma mkononi, na kazi ya mshahara hawaioni. Wengi wetu tunaishi kwa kazi zisizoandikwa popote: kuendesha moto, kuuza sokoni, kulima shamba la mwingine, kubeba mizigo, kuchimba dhahabu, kulinda nyumba ya mtu usiku. Makala hii inaeleza hali ya kazi kwetu, na mambo ya sheria ambayo kila mfanyakazi na kila mwajiri anapaswa kuyajua. Neno kuu ni moja: kukosa karatasi hakumwondolei mfanyakazi haki zake.

Hali ya kazi kwa sasa

Kwa miaka mingi ya vita, mashirika ya misaada (ONG) yamekuwa kati ya waajiri wanaotafutwa sana Goma, Bukavu, Beni na Bunia. Lakini mikataba yao mingi ni mifupi, kwa sababu inafuata pesa zinazotoka nje. Januari 2025 mapigo mawili yalikuja pamoja. Vita viliingia Goma, na mwezi uliofuata Bukavu; benki zikafungwa. Wakati huohuo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi mingi ikakatika. Waliopoteza kazi si madereva na wauguzi tu. Mama aliyewafulia nguo, muuza chakula aliyekaa mlangoni mwa ofisi, na mwenye nyumba ya kupangisha, wote walikula kutokana na mshahara uleule.

Katika migodi kama Kamituga, Rubaya na Mongbwalu, mchimbaji mara nyingi hana mshahara wa mwezi. Anagawana mavuno na mkuu wa shimo, yule tunayemwita PDG, baada ya gharama kutolewa. Shimo lisipotoa kitu, anabaki na deni. Wanawake wanaotwanga mawe, akina mama twangaise, wanalipwa kidogo na kuvuta vumbi siku nzima. Sheria ya migodi inataka mchimbaji wa mikono awe Mkongomani, mtu mzima, mwenye kadi. Mtoto hana nafasi shimoni.

Katika shule zetu, zinazoendeshwa kwa mapatano ya 1977 kati ya serikali na makanisa, wako walimu wanaofundisha miaka bila kuandikishwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure mwaka 2019, mchango wa wazazi uliokuwa ukiwasaidia ulikatazwa.

Sheria inasema nini

Sheria kuu ni Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Haihusu watumishi wa serikali wenye sheria yao, bali inamlinda anayemfanyia mwingine kazi kwa malipo, hata kama mwajiri ni mtu mmoja au kanisa.

1. Mkataba unapaswa kuandikwa. Usipoandikwa, unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo, mpaka kinyume kithibitishwe. Mwajiri asiyeandika hapati faida kwa kutoandika.

2. Kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, si kibarua tena. Mkataba wake mpya ni wa muda usio na kikomo. Hapa ndipo wengi wanapoteza haki: wanaitwa vibarua mwaka hata mwaka.

3. Mkataba wa muda maalum, kwa kawaida, haupiti miaka 2, wala haufanywi upya zaidi ya mara moja.

4. Saa za kazi za kawaida hazipiti 9 kwa siku wala 45 kwa juma. Zinazozidi zinalipwa zaidi.

5. Mama mjamzito ana haki ya likizo ya majuma 14, pamoja na theluthi mbili za mshahara wake. Kumfukuza kwa sababu ya mimba ni kosa.

6. Mwajiri anapaswa kuwaandikisha wafanyakazi wake kwenye CNSS, mfuko wa pensheni na ajali za kazini. Akikata pesa kwenye mshahara bila kuzipeleka huko, amemdhulumu mzee wa kesho.

Kazi isiyonunuliwa kwa mwili

Jambo hili linasemwa kwa sauti ndogo, nasi hatuna budi kulisema wazi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, huko Beni, Butembo na Mangina, wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la kulala na wanaume wenye madaraka. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilithibitisha hayo katika ripoti yake ya Septemba 2021. Tangu 2006 sheria yetu inaadhibu usumbufu wa kingono. Dada anayeombwa mwili ili apewe kazi hana aibu ya kubeba. Aibu ni ya anayeomba. Anapokuja kwa mchungaji au kwa mama mshauri, asikilizwe kwanza, na siri yake ilindwe.

Ukidhulumiwa

Tunza kila andiko: barua, ujumbe wa simu, orodha ya siku ulizofanya, majina ya walioona. Dai kwanza kwa barua, ubaki na nakala. Yasipotengenezwa, nenda kwa mkaguzi wa kazi. Yeye hujaribu kuwapatanisha kabla ya shauri kufika mahakamani. Usikawie, maana madai ya mshahara yana kikomo cha muda. Pale ambapo vita vimefunga ofisi hizo, daftari lako na mashahidi wako ndio ulinzi wako mpaka mlango ufunguke.

Kanisa nalo ni mwajiri

Tuna walinzi, makatibu, wauguzi, wapishi wa nyumba za wageni, mafundi wa ujenzi. Mara nyingine tunamwambia mtu kwamba anamtumikia Mungu, kumbe tunakwepa kumlipa. Kujitolea ni kwa yule aliyechagua mwenyewe kujitolea. Kumbukumbu la Torati 24 na Yakobo 5 zinahusu mshahara uliozuiliwa, na hazimwachi nje mwajiri mwenye kusali.

Baraza la parokia linaweza kuanza juma hili: mkataba wa ukurasa mmoja kwa kila mfanyakazi, orodha ya malipo yenye sahihi, na daftari la siku za vibarua. Mfuko ukiwa mtupu, wafanyakazi waambiwe kabla ya mwezi kuanza, na deni liandikwe, si kusahauliwa.