Kifungu cha 503: kromi ya Rhodesia na ahadi ya Marekani

Tarehe 17 Novemba 1971 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya manunuzi ya kijeshi. Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na vifungu viwili ambavyo havikuhusu bei ya ndege wala ya mizinga. Kifungu cha 601 kiliingizwa na Mike Mansfield, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti, kikitaka majeshi ya Marekani yaondolewe Indochina. Kifungu cha 503 kiliingizwa na Harry Byrd Mdogo, seneta wa Virginia. Hicho kilimkataza rais kuzuia uingizaji wa madini muhimu kwa ulinzi kutoka nchi isiyo ya kikomunisti, maadamu madini hayo hayo yanaruhusiwa kuingia kutoka nchi ya kikomunisti.

Siku hiyo hiyo Nixon akatoa tamko: kifungu cha 601 hakimfungi na wala hakitabadili sera yake. Kifungu cha 503 akakitekeleza. Januari 1972 Wizara ya Fedha ilitoa kibali, na kromi ya Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikaanza kuingia Marekani waziwazi, kwa idhini ya sheria ya nchi, huku vikwazo vya Umoja wa Mataifa ambavyo Marekani yenyewe ilivipigia kura vikiwa bado vipo. Sheria ni moja na saini ni moja. Kifungu kilichotaka vita vikome kilionekana hakina nguvu, na kile kilichoinufaisha serikali ya Wazungu wachache kikaheshimiwa herufi kwa herufi.

Jina la Rhodesia halikutajwa popote katika kifungu hicho. Halikuwa na haja ya kutajwa, kwa sababu kila aliyekuwa bungeni alijua kinachozungumzwa.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alitangaza uhuru wa upande mmoja kutoka Uingereza, kwa niaba ya Wazungu wasiozidi robo milioni, katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni nne. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitaka Uingereza iuzime uasi huo, la sivyo nchi wanachama zivunje uhusiano nayo. Uingereza haikuuzima. Tanzania ikavunja uhusiano Desemba hiyo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao London ilikuwa imeuahidi ukazuiwa. Fedha hizo, kwa nchi iliyokuwa na miaka minne ya uhuru, zilikuwa barabara, shule na zahanati. Nchi nyingi zilizopiga makofi mkutanoni hazikuvunja chochote. Mwalimu Nyerere alivunja, kwa sababu azimio lilikuwa limeshapitishwa.

Nasimulia habari ya pauni hizo kwa makusudi, maana baadaye nchi tajiri kuliko zote duniani ilisema haiwezi kukaa bila kromi.

Desemba 1966 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 232, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa likaweka vikwazo ambavyo kila mwanachama alilazimika kuvifuata. Kromi ilitajwa humo kwa jina, pamoja na tumbaku, sukari, shaba na asbesto. Mei 1968 azimio namba 253 likafunga karibu biashara yote. Marekani iliunga mkono maazimio yote mawili. Ilikuwa na kura ya turufu na ingeweza kuyakwamisha kwa kunyoosha mkono tu, lakini haikufanya hivyo. Rais Lyndon Johnson, Mdemokrat, alitoa amri za kuyatekeleza.

Kromi ndiyo inayokifanya chuma kisishike kutu, na hutumika katika injini za ndege, mitambo ya viwanda na hata vijiko vya mezani. Rhodesia ilikuwa nayo tele katika ule mwamba mrefu uitwao Great Dyke, unaoikata nchi kwa zaidi ya kilomita 500, na katika machimbo ya Selukwe, mji alikozaliwa Ian Smith mwenyewe. Kampuni mbili za Marekani, Union Carbide na Foote Mineral, zilikuwa na migodi huko. Vikwazo viliziumiza, nazo zikapeleka washawishi wao Washington.

Hoja waliyokwenda nayo ilitengenezwa kwa masikio ya wakati ule wa vita baridi: tukiwanyima Warhodesia soko, tutabaki kuwategemea Warusi kwa madini ya silaha zetu. Hoja hiyo ilisikika vizuri mpaka ulipoikagua. Akiba ya kromi ya taifa la Marekani ilikuwa imezidi mahitaji, na serikali yenyewe ilikuwa inataka kuuza sehemu yake. Na baada ya kifungu kupita, Marekani haikuacha kununua kromi ya Wasovieti. Ilinunua huku na kule.

Byrd ni mtu wa kutazamwa kwa karibu. Baba yake, Harry Byrd Mkubwa, aliitawala siasa ya Virginia kwa miongo kadhaa. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1954 kwamba watoto weusi na weupe wasitenganishwe shuleni, yeye ndiye aliyeongoza upinzani wa jimbo zima. Katika wilaya ya Prince Edward, wakubwa waliona heri kuzifunga shule zote za umma, na zikafungwa kuanzia 1959 hadi 1964. Watoto weupe wakafunguliwa shule za binafsi. Watoto weusi walikaa nyumbani miaka mitano, na wengine hawakurudi darasani tena maishani mwao. Mwana alirithi kiti cha baba yake katika Seneti mwaka 1965, na mwaka 1970 akagombea bila chama, akashinda. Mtu aliyekulia katika siasa hiyo alipotazama Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, hakuona serikali haramu. Aliona watu wa aina yake wakibanwa na Umoja wa Mataifa kama baba yake alivyobanwa na Mahakama Kuu.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapoisimulia siasa ya Marekani kama ugomvi wa vyama viwili, kimoja cha haki na kingine cha dhuluma. Bunge lililopitisha kifungu cha 503 lilikuwa na Wademokrat wengi katika mabaraza yote mawili, yaani chama kile kile kilichokuwa kimepitisha sheria za haki za raia miaka michache tu nyuma. Wademokrat wa Kusini, wengi wao wenyeviti wa kamati kwa ukongwe wao, waliungana na Warepublikan wa mrengo wa kulia. Upande wa pili, Edward Brooke wa Massachusetts, seneta mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi, alikuwa Mrepublikan, sawa na Clifford Case wa New Jersey, na wote walikipinga kifungu hicho. Ukitaka kujua nani angepiga kura vipi, jina la chama lilikusaidia kidogo sana. Ilikubidi uulize mtu huyo alisimama wapi suala la mtu mweusi kupiga kura lilipofika mlangoni kwake.

Na Ikulu? Mwaka 1969 Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Nixon, aliagiza uchambuzi wa sera ya kusini mwa Afrika. Njia iliyochaguliwa ilijengwa juu ya dhana kwamba Wazungu wamekaa kusini mwa Afrika na hawaondoki, na mabadiliko yatakuja kupitia kwao tu. Machi 1970 Marekani ilipiga kura ya turufu kwa mara ya kwanza katika historia yake, na kura hiyo ilihusu Rhodesia: azimio la kuilaumu Uingereza kwa kutotumia nguvu dhidi ya Smith na kuzidisha vikwazo. Hadharani Wizara ya Mambo ya Nje iliendelea kusema inapinga kifungu cha Byrd. Ikulu haikumpigia simu seneta yeyote kwa nguvu ya kutosha kukizuia. Ndivyo unafiki wa serikali unavyofanya kazi mara nyingi: hakuna anayesimama kusema uongo, ila kila mmoja anamwachia mwenzake mlango wazi, na kitu kinapita katikati ya sheria ya bajeti ya jeshi ambayo hakuna anayethubutu kuikataa.

Wapo waliokataa kwa vitendo. Charles Diggs, mbunge wa Detroit na mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wabunge weusi, alikuwa katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa. Desemba 1971 akajiuzulu ujumbe huo, kwa sababu hakuweza kuitetea sera ya Afrika ya serikali yake. Kisha akaenda mahakamani. Mwaka 1972 mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika angepaswa kuisoma. Majaji walikubali kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na wajibu wa Marekani chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa. Lakini, wakasema, katiba inaliruhusu Bunge kuuvunja mkataba likitaka, na mahakama haina la kufanya.

Machi 1972 meli yenye kromi ya Rhodesia ilifika Burnside, bandari ndogo kwenye mto Mississippi, jimbo la Louisiana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern, chuo cha weusi kilichopo jirani, walikusanyika gatini wakipinga. Makuli wakasita kuigusa shehena hiyo. Mwishowe ilishushwa, lakini mgomo ulihamia bandari nyingine, ikiwemo Baltimore. Watu hawa waliishi kwa ujira wa kutwa. Kuiacha meli bila kuipakua kulimaanisha kurudi nyumbani bila fedha, na walifanya hivyo kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Chama cha wafanyakazi wa chuma nacho kilitaka kifungu kifutwe. Rhodesia haikuuza mawe ghafi tu. Iliuza ferokromi iliyokwisha kuyeyushwa kwa ujira wa chini wa Waafrika, na bei yake iliviumiza viwanda vya Marekani vilivyofanya kazi hiyo hiyo. Sheria iliyopitishwa kwa jina la usalama wa taifa ilikuwa inawanyang'anya Wamarekani ajira.

Desemba 1973 Seneti ilipitisha, kwa kura 54 kwa 37, mswada wa kukifuta kifungu hicho. Baraza la Wawakilishi halikuujadili mswada huo. Septemba 1975 likaujadili, na kuukataa kwa kura 209 dhidi ya 187. Wakati huo Wareno walikuwa wameshaondoka Msumbiji, na ile dhana kwamba Wazungu hawaondoki ilikuwa imebomoka machoni pa kila mtu.

Aprili 1976 Kissinger, sasa waziri wa mambo ya nje wa Rais Gerald Ford, alikuja Afrika. Alizungumza na Nyerere Dar es Salaam, kisha Lusaka akatoa hotuba akiunga mkono utawala wa walio wengi na kuahidi kulihimiza Bunge lifute kifungu cha Byrd. Siku chache baadaye Warepublikan wa Texas walikuwa wakimchagua mgombea wao wa urais. Ronald Reagan, aliyekuwa akimpinga Ford ndani ya chama, aliitumia hotuba hiyo kumshambulia, na akazoa wajumbe wote waliokuwa wakigombewa Texas. Mwaka huo kifungu hakikufutwa. Ahadi iliyotolewa Lusaka ilifia Texas.

Jimmy Carter alipoingia madarakani, kazi iliisha kwa wiki chache: kura 250 kwa 146 katika Baraza la Wawakilishi, 66 kwa 26 katika Seneti, na saini tarehe 18 Machi 1977. Kwa zaidi ya miaka mitano Marekani ilikuwa imesimama kundi moja na Ureno na Afrika Kusini, nchi zilizoivunja waziwazi amri ya Baraza la Usalama. Katika miaka hiyo Zambia iliufunga mpaka wake na Rhodesia mwaka 1973, na Msumbiji ikaufunga wake mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya kupata uhuru. Zote mbili zilijikata njia zao za reli kwa ajili ya vikwazo hivyo, na hakuna aliyezifidia hasara yote.

Hata hapo mambo hayakuisha. Aprili 1979 Smith aliendesha uchaguzi wa makubaliano ya ndani, vyama vya ukombozi vikiwa nje, na viti 28 kati ya 100 vikiwa vimetengwa kwa ajili ya Wazungu. Askofu Abel Muzorewa, mmoja wa viongozi weusi waliokubaliana na Smith, akawa waziri mkuu. Mwezi uliofuata Seneti ilipiga kura 75 kwa 19 kumtaka Carter aondoe vikwazo, Wademokrat na Warepublikan kwa pamoja, kwa hoja kwamba wananchi wameshaamua. Carter alikataa Juni hiyo. Vikwazo vikabaki mpaka mazungumzo ya amani ya Lancaster House, London, yalipofikia mwisho Desemba. Februari 1980 ukafanyika uchaguzi ulioshirikisha pande zote. Kati ya vyama vya ukombozi, cha Robert Mugabe kilipata viti 57 na cha Joshua Nkomo 20; cha Muzorewa kilipata 3.