Ligi na Kazi Yake: Kwa Nini Baadhi ya Ligi Hazidumu

Katika viwanja vya vumbi vya Wilaya ya Kilosa huchezwa soka ya namna mbili. Kuna makombe yanayobeba jina la mfadhili, mara nyingi mwanasiasa: jezi mpya, spika kubwa, na mbuzi wa bingwa amefungwa mtini karibu na kibendera cha kona. Kuna pia ligi ya wilaya, ambayo timu ya Mikumi huifuata Kilosa mjini ikiwa imejazana kwenye Fuso, nauli ikiwa imechangwa na wachezaji na mashabiki wao. Kombe la mbuzi hufurika watu, lakini uchaguzi ukipita halisikiki tena. Ligi ya wilaya, pamoja na ufukara wake, hurudi. Makala haya yanadai kwamba uhai wa ligi hautokani kwanza na fedha. Ligi hudumu inapofanya kazi ambayo hakuna shindano jingine linaloifanya.

Marekani imetoa mfano ulio wazi. Mwaka 1983 ilianza kuchezwa USFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mkononi. Kazi yake ilieleweka: kucheza majira ya kuchipua, wakati ligi kongwe ya NFL imepumzika. Baadaye wamiliki, Donald Trump akiwa mstari wa mbele, waliamua kuhamia majira ya vuli kuanzia 1986 ili kupambana na NFL uso kwa uso. Waliishtaki NFL kwa kuhodhi soko na wakashinda, ila baraza la wazee wa mahakama liliwapa fidia ya dola 1, ambayo kwa mujibu wa sheria ilizidishwa mara tatu. Msimu huo wa vuli haukuchezwa kamwe. Ligi iliyoacha kazi yake ili ifanye ya mwenzake ilidumu misimu mitatu tu.

Kwetu, Ligi ya Muungano ilianza 1982 kwa kuzikutanisha klabu bora za Bara na Zanzibar. Ilikuwa na klabu zenye wenyewe na mashabiki wa kweli, na kazi yake ilikuwa kumpata mwakilishi wa Tanzania katika mashindano ya Afrika. Zanzibar ilipopokelewa katika Shirikisho la Soka Afrika (CAF) mwaka 2004, kila upande ukawa na njia yake ya kwenda Afrika, na ligi hiyo haikuwa na la kuamua tena. Jina lilirudi Aprili 2024 kama kombe la siku chache, likiwa na kazi nyingine: kuadhimisha miaka 60 ya Muungano.

Ligi ya Soka ya Afrika ilitangazwa Arusha Agosti 2022 kwa ahadi ya mamilioni ya dola, ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 20 Oktoba 2023 kwa sare ya 2-2 kati ya Simba na Al Ahly. Klabu 8 zilishiriki, Mamelodi Sundowns wakatwaa taji, na mwaka 2024 ukapita bila msimu wa pili. Kumtafuta bingwa wa klabu barani tayari ilikuwa kazi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Yupo atakayesema kwamba fedha ndiyo kila kitu, na atatoa mfano wa Mseto ya Morogoro, mabingwa wa nchi mwaka 1975, ambao leo hawapo kwenye ramani ya soka. Hoja hiyo ina uzito kwa klabu. Klabu bila fedha huanguka. Lakini Ligi Kuu, iliyoanza 1965, imezishuhudia klabu nyingi zikizama nayo ikaendelea. Hata msimu wa 2018/19 ulichezwa hadi mwisho bila mdhamini mkuu, kwa sababu bingwa alipaswa kupatikana, na wa kushuka daraja vilevile.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayeanzisha ligi, awe CAF kule Cairo au mtu wa Mikumi, ni moja: isipochezwa, nani atakosa nini? Ligi ya wilaya isipochezwa Kilosa, hakuna atakayepanda ligi ya mkoa, na kijana wa Mikumi anakosa kidato cha kwanza cha ngazi inayofika Ligi Kuu. Viongozi wa soka wanaotafuta fedha za mashindano mapya wangeanza na nauli ya lile Fuso.