Ngoma za Nairobi

Kama umewahi kupanda teksi Nairobi usiku, hii hadithi unaijua. Dereva anapita Lang'ata Road saa saba hivi. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anampungia mkono, anaingia kiti cha nyuma, hasemi mengi. Wakikaribia makaburi anasema, "Nishukishe hapo." Dereva akigeuka kudai pesa yake, kiti ni kitupu. Wengine huongeza udongo uliobaki kwenye kiti. Wengine huongeza koti: dereva alimpa koti lake kwa sababu ya baridi, na asubuhi akalikuta limetandazwa juu ya kaburi.

Binamu yangu anaendesha teksi na barabara hiyo ni njia yake. Nilimuuliza kama amewahi kumbeba huyo mama. "Mimi? Zii. Lakini najua jamaa anayemjua huyo dereva." Kila mtu Nairobi anamjua jamaa anayemjua huyo dereva. Baadaye nilipata kujua kwamba hata Chicago wanaye abiria huyu. Kule wanamwita Resurrection Mary, na wamekuwa wakimshusha kando ya makaburi tangu miaka ya 1930. Yaani ni hadithi inayosafiri, inapanda gari lolote linaloenda makaburini.

Hata hivyo nilitaka kuzunguka. Nilikuwa nimechoka kusikia Nairobi ikiitwa jiji lisilo na historia, jiji la juzi, stesheni ya reli iliyopigwa rangi. Nikamwambia binamu: Jumapili ukiwa huna wateja, unipeleke kila mahali ambapo watu husema kuna mizimu. Mafuta juu yangu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba saa kumi na mbili jioni tuwe tumetoka popote tulipo. Haamini hayo mambo, lakini pia hataki kuyachokoza.

Tulianzia makumbusho ya reli, kwa sababu hapo kuna behewa. Juni 1900, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala ndani ya behewa hilo huko Kima, pamoja na wenzake wawili, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu stesheni. Zamu ya kukesha ilikuwa ya Ryall, na inaelekea usingizi ulimzidi. Simba aliingia kwa mlango, akamshika, akatoka naye kupitia dirishani. Behewa bado lipo. Ukisimama kando yake unaona lilivyo dogo, na unaelewa kwamba simba akiwa ndani hapakuwa na pa kukimbilia. Kijana mmoja tuliyemkuta pale alituambia kwamba yeye hawezi kubaki karibu nalo kukiwa na giza. Nilimwamini.

Lakini nilipotoka nilianza kupiga hesabu. Reli hiyo, kutoka Mombasa mpaka Kisumu, iliua karibu vibarua 2,500 waliotoka India, kwa malaria, kuhara, ajali, na simba kiasi. Waafrika waliokufa hawakuhesabiwa sawasawa. Kati ya wote hao, anayesemekana kurudi usiku ni afisa mmoja Mwingereza. Nilimwambia binamu hivyo tukiwa kwenye jam ya Haile Selassie, akasema, "Wengine hawana behewa. Watalala wapi?"

Karen tulipita haraka, na nitapita haraka hapa pia. Januari 24, 1941 Lord Erroll alipatikana ndani ya gari lake aina ya Buick, si mbali na makutano ya Karen na Ngong Road, na risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, mume wa mwanamke aliyekuwa mpenzi wa Erroll, alishtakiwa, akaachiliwa, na mwaka uliofuata akajiua huko Liverpool. Watu wameandika vitabu, wakatengeneza filamu. Ni kisa kitamu, sikatai. Lakini mwaka huohuo ni Wakenya wangapi walikufa vitani Abyssinia wakiwa na bunduki za Mwingereza mkononi, na ni nani Karen anayeambiwa asipite mahali fulani usiku kwa sababu yao?

City Park ilinigusa zaidi. Nyani wadogo walimwibia binamu njugu zote, na tulicheka mpaka tukasahau tulichofuata. Ndani ya makaburi pale amelala Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge, aliyepigwa risasi Februari 24, 1965 akiwa ndani ya gari langoni kwa nyumba yake, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache ya mwaka 1966 kisha akajiuzulu, alitaka azikwe karibu na rafiki yake huyo. Alipofariki mwaka 1990 akazikwa hapo City Park, hatua chache tu. Watu wanaoleta watoto wao kucheza hawakutuambia habari za mizimu. Walituonya kuhusu wezi wa simu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Nilikuwa nimetoka nyumbani kufuata hadithi, lakini kila nilipofika mahali ambapo watu wengi kweli walikufa, hadithi hazikuwepo.

Chukua Harry Thuku Road. Machi 16, 1922 maelfu ya watu walikusanyika nje ya polisi, hapo ilipo Central, kudai Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa siku mbili kabla. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, alipoona wanaume wanaanza kurudi nyuma, alipandisha nguo yake na kuwaaibisha, waache suruali zao kama hawana kazi nazo. Kwa Wakikuyu hilo si mchezo, ni laana. Umati ukasonga, askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza la hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Serikali ilitaja maiti 21. Hesabu za Waafrika ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Tuliegesha gari hapo na nikawauliza watu: soja wa geti, wanafunzi wa chuo, mama anayeuza mayai ya kuchemsha. Kuna mizimu hapa? "Hapa? Hapa ni kanjo tu," yule mama alisema. Kanjo ni askari wa jiji, na ni kweli ndio wanaomtoa jasho.

Au chukua Nyayo House. Nilipokwenda kutafuta pasipoti nilisimama kwenye laini saa tatu nzima na sikumsikia mtu hata mmoja akitaja kilichoko chini ya miguu yetu. Jengo lile la ghorofa 27 lina vyumba chini ya ardhi, vidogo na vya giza. Katika miaka ya themanini, hasa msako wa Mwakenya ulipopamba moto mwaka 1986, walimu, wanafunzi, wanasheria na wakulima walifungiwa humo uchi, maji yakamwagwa mpaka wakaishi ndani yake siku kadhaa, kisha wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Vyumba vilifunguliwa ili wananchi waone Februari 2003. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 waliokuwa wameshtaki. Haya yote yako wazi, yamo magazetini. Lakini lifti ni ileile laini moja kwa moja kwa akili yangu, na mimi niliipanda nikiwa nimeshika picha zangu za pasipoti, nikiwaza tu kama nywele zimekaa vizuri.

Kwa nini basi mizimu iende Karen na isije hapa?

Lazima nimlete shosho yangu sasa. Shosho alizungumza Kikuyu, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alipokuwa akisema habari za "ngoma", mimi mtoto wa shule ya mjini nilisikia ngoma za kupigwa. Nilidhani usiku kuna watu wanaocheza huko migombani. Nilikuwa mkubwa nilipofahamu kwamba kwa Kikuyu ngoma ni roho za wafu, na kwamba shosho alikuwa akisema kuhusu kaka yake.

Kaka yake aliishi Bahati, hapa Nairobi. Jumamosi, Aprili 24, 1954 jeshi lilizingira jiji lote, katika msako ulioitwa Operation Anvil. Waliotakiwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waliswagwa mtaa kwa mtaa, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa kambi ya Lang'ata kuchujwa. Kabla ya mwisho, zaidi ya watu 20,000 walikuwa wamepelekwa vizuizini, Manyani na Mackinnon Road. Shosho alikuwa msichana, amekuja kumtembelea kaka yake kwa wiki moja. Alichokumbuka si bunduki. Alikumbuka gunia. Watu walipitishwa kwa mstari mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Huyo wa gunia hakusema neno. Akitikisa kichwa, umeenda. Wakikuyu waliwaita gakunia. Walikuwa watu wa kwao, majirani, na hakuna aliyejua ni jirani yupi.

"Mzimu mimi nimeuona," shosho alikuwa akisema. "Ulikuwa umevaa viatu."

Gunia lilitikisa kichwa, kaka yake akapanda lori. Hakurudi. Mwaka huohuo homa ya matumbo ilizuka Manyani na watu wakafa, labda alikuwa mmoja wao. Labda alifia kwingine. Hakuna karatasi iliyofika nyumbani, wala mtu aliyekuja kusema nilikuwa naye. Miaka ikapita, watu wengine wakarudi wakiwa wamekonda na hawataki kuongea, na shosho aliwauliza mmoja mmoja.

Nilikuwa nikidhani kilichomsumbua ni kukosa kaburi. Nimesoma baadaye na kuona nilikosea. Zamani, kabla ya amri za wakoloni na mahubiri ya wamishonari, Wakikuyu wengi hawakuzikwa. Maiti ilipelekwa kichakani, fisi wakafanya kazi yao, na mzee mwenye mali na watoto ndiye aliyechimbiwa. Mwili haukuwa jambo kubwa hivyo. Jambo kubwa lilikuwa jina kupewa mtoto, ili aliyekwenda arudi kwa njia hiyo. Na huwezi kumpa mtoto jina la mtu kama marehemu, huku moyoni ukimtazamia kila basi likisimama. Shosho alizaa wavulana wanne. Hakuna aliyepewa jina lile. Mama yangu alimuuliza sababu mara moja tu, akajibiwa kwamba jina hilo bado lina mwenyewe.

Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya Ryall na hawa wengine. Jina la Ryall linajulikana, siku inajulikana, mpaka dirisha alilotolewa linajulikana. Amekwisha kufa kabisa, kwa hivyo anaweza kuwa hadithi ya kutishia watoto siku ya Jumapili. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Tangu 2007 ana sanamu kwenye barabara yenye jina lake, watu wanakutania hapo wakienda kula chipsi, lakini familia imekuwa ikitafuta mifupa yake miaka yote hii. Mtu wa namna hiyo bado ni kesi. Nani atamcheza kama kichekesho kwenye teksi?

Jumapili ya mwisho tulirudi tulikoanzia, Lang'ata. Makaburi yenyewe yalitangazwa kujaa tangu 1996 na bado watu wanazikwa. Jiji lilipokwenda kununua ardhi nyingine huko Mavoko lilitumia shilingi milioni 283, na ikaishia kuwa kashfa na kesi kortini. Ukitembea pale unaelewa ni kwa nini dereva atamwona mwanamke akitafuta usafiri. Makaburi yamebanana, hata mimi ningetoka nipunge mkono.

Lakini sikuwa nimekuja kwa ajili ya makaburi. Nilitaka kuona ilipokuwa ile kambi ya kuchujia watu. Hatukuona kibao. Tulizunguka na gari, estate baada ya estate, ukuta baada ya ukuta, supamaketi, kanisa la mabati. Binamu alikuwa akiangalia saa. Mwishowe tukasimama kwa mama mboga mmoja, nikanunua sukuma ya shilingi ishirini nisiyoihitaji, nikamuuliza kama anajua hapa palikuwa na kambi ya zamani.

"Kambi ya jeshi? Iko hapo mbele."

"Hapana, mama. Ya zamani. Ya kufungia watu."

Akanitazama, akaacha kukata. "Kwani mnatafuta nani?"

Sijui kwa nini, nikamtajia jina. Jina zima, na la baba yake. Hakuuliza zaidi. Aligeukia kibanda cha pili na kuliita kwa sauti, akamuuliza jirani yake kama anamjua mtu wa jina hilo. Jirani akamuuliza fundi wa viatu aliyekuwa kando yake. Nikalisikia likirudiwa mara tatu pale barabarani, na watu watatu wasionijua wakafikiria kidogo kabla ya kujibu.

"Hapana," mama alisema. "Huyo hajapita hapa. Lakini niachie namba yako."

Nikamwachia.