Tetesi za usajili: Mambo 8 ya kujua kabla hujabishana kijiweni

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kila mtu anakuwa kocha. Kuanzia Kisesa, Igoma, Nyakato mpaka Kirumba, habari ni moja: nani kasaini, nani kaachwa, na nani "yuko angani anakuja". Posti moja isiyo na chanzo inatosha kuwasha moto kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka usiku wa manane.

Wakazi wa Bujora na Kisesa hawajaanza jana kubishana kwa pande mbili. Kabla ya Simba na Yanga kuwa gumzo, Wasukuma walikuwa na Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo ushindani wao unaonekana mpaka leo kwenye sherehe za Bulabo, hapo hapo Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kule mwamuzi ni umati. Ngoma iliyovuta watu wengi ndiyo imeshinda.

Kwenye usajili ni kinyume. Umati hauna kura, karatasi ndiyo inaamua. Usipojua karatasi hizo, utabishana bure, na ukiwa na mdogo wako anayecheza mpira unaweza kuliwa hela kabisa. Haya hapa mambo nane ya kukaa nayo kichwani.

1. Tetesi, makubaliano na usajili si kitu kimoja

Tetesi ni maneno ya mtu. Makubaliano ni pale klabu mbili, au klabu na mchezaji, wamekubaliana masharti. Usajili ni pale jina limeingia kwenye mfumo na TFF wamelipitisha.

Mchezaji anaweza kupiga picha ameshika jezi mpya na bado asiruhusiwe kucheza, kwa sababu jina halijapita. Ukiona picha ya uwanja wa ndege, hiyo ni safari tu. Ukiona klabu yenyewe imetangaza kwenye kurasa zake rasmi, hapo kuna dili. Ukiona yuko uwanjani kwenye mechi ya ligi, hapo ndipo mjadala umefungwa.

2. Madirisha ni mawili tu

Kuna dirisha kubwa, la kati ya msimu mmoja na mwingine, na dirisha dogo la katikati ya msimu ambalo kwetu huangukia kati ya Desemba na Januari. Tarehe kamili hutangazwa na TFF kila msimu.

Nje ya hapo, klabu inaweza kuzungumza na mchezaji na hata kukubaliana naye, lakini hawezi kuanza kucheza. Kwa hiyo mtu akikwambia mwezi wa tatu kwamba straika mpya "anaanza Jumamosi", muulize tu: dirisha gani?

3. Mkataba ukibaki miezi sita, mambo hubadilika

Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine kama mkataba wake umeisha au umebakiza miezi sita au chini ya hapo. Ndiyo maana mastaa huanza "kununa" mwaka wa mwisho wa mkataba. Klabu isipowahi kumwongezea muda, anaondoka bure.

Mkataba ukiwa bado mrefu, ni habari nyingine. Kumbuka sakata la Feisal Salum "Fei Toto". Desemba 2022 aliamua kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kurudisha fedha. Mitaani watu waligawanyika, wengine wakisema mchezaji ana haki ya kuondoka, wengine mkataba ni mkataba. Januari 2023 kamati ya TFF ilisema bado ni mchezaji wa Yanga. Suala lilifika mpaka kwa Rais Samia, ambaye aliitaka klabu ilimalize. Juni 2023 Fei akatua Azam FC, kwa klabu mbili kukubaliana.

Somo lake ni dogo tu: kurudisha fedha upande mmoja si sawa na kununuliwa.

4. Wa kutoka nje ana vikwazo vyake

Mchezaji anayetoka nchi nyingine anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, maarufu kama ITC. Chama cha nchi anakotoka ndicho kinaitoa, kupitia mfumo wa FIFA wa mtandaoni unaoitwa TMS. Hati isipofika, hachezi, hata kama mshahara wa kwanza umeshaingia.

Pia kuna idadi. Klabu ya Ligi Kuu Bara inaruhusiwa kusajili wachezaji wa kigeni 12. Kwa hiyo ukisikia klabu kubwa inaleta mgeni wa 13, swali la kwanza liwe: nani anakatwa? Mara nyingi habari yenyewe iko kwa huyo anayekatwa.

Jambo jingine ni madeni. Klabu isipomlipa mchezaji wa zamani aliyeshinda kesi FIFA, inaweza kufungiwa kusajili mpaka ilipe.

5. Kwa nini hatuna drafti kama Marekani?

Wanaofuatilia NBA au NFL wanajua drafti. Ni siku ambayo timu huchagua vijana kwa zamu. NFL ina timu 32 na raundi saba kila Aprili, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huchagua kwanza, labda iwe imeuza zamu yake. Lengo ni mnyonge apate nguvu.

Mtanzania Hasheem Thabeet alipita njia hiyo. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kwa upande wa NFL, Tom Brady alichaguliwa namba 199 mwaka 2000, akaja kuwa bingwa mara saba. Kwa hiyo hata kule, wenye takwimu zote na kamera zote, kutabiri kijana ni kazi ngumu.

Kwenye soka letu hakuna zamu. Mwenye pesa anachagua kwanza, na mwenye pesa yuko Dar es Salaam. Mwanza inalijua hili vizuri. Pamba ya zamani ilitoa watu kama George Masatu na Hussein Masha, ambao baadaye walikuwa Simba, timu iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Mbao FC ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2017, ikafungwa 2-1 na Simba kwenye muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imeshashuka, pamoja na Alliance. Gwambina ya Misungwi ilipanda 2020, ikadumu msimu mmoja tu.

Pamba, sasa Pamba Jiji, ilirudi Ligi Kuu 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 nje, na ikanusurika kushuka msimu wake wa kwanza. Shabiki wa TP Lindanda anayelalamika "tunaporwa wachezaji" ana hoja. Ila bila drafti, kinga iliyopo ni mbili tu: mikataba mirefu, na kuuza kwa bei badala ya kuachia bure.

6. Mchezeshaji hapimwi kwa klipu ya dakika moja

Kwenye mpira wa Marekani kuna kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Timu nzima inaishi au inakufa kwa maamuzi yake, na mashabiki wanambishania kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Kwetu aliye karibu naye ni kiungo mchezeshaji. Julai 2024 Clatous Chama alitoka Simba kwenda Yanga baada ya mkataba wake kumalizika, na wengi wakasema Simba imekufa. Simba ikamleta Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast. Mwisho wa msimu wa 2024/25 Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, akiwa kiungo. Lakini ubingwa ulienda Yanga. Kwa hiyo pande zote mbili zilipata la kusema.

Ukitaka kubishana kwa hoja, angalia haya kabla ya klipu:

- Amecheza dakika ngapi msimu uliopita? Fundi aliyekaa benchi au hospitali ni kamari.
- Alicheza namba gani? Kiungo wa chini na wa juu si kazi moja.
- Nani alikuwa pembeni yake? Pasi nzuri inahitaji mtu wa kuikimbilia.
- Klipu zinaonyesha mechi ngapi? Kila mchezaji duniani ana dakika moja nzuri.

7. Kijana wa mtaani akiuzwa, timu yake ya kwanza ina haki ya fedha

Hili ndilo watu wengi hawalijui, na kwa timu za vijijini ndilo kubwa kuliko yote.

FIFA ina malipo ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mgawanyo uko hivi:

- Umri wa miaka 12 hadi 15: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka.
- Umri wa miaka 16 hadi 23: asilimia 0.5 ya ada kwa kila mwaka.

Tufanye hesabu. Kijana amekulia kwenye timu moja ya Kisesa tangu ana miaka 12 mpaka 15. Baadaye anauzwa nje kwa dola 100,000. Timu ile ya Kisesa inastahili asilimia 1, yaani dola 1,000. Akiuzwa tena mwaka unaofuata kwa dola 500,000, inastahili dola 5,000 nyingine. Hapo kuna mipira, viatu na nauli za msimu mzima.

Tofauti na hiyo, kuna fidia ya malezi. Hii inalipwa na klabu ya nje inayompa kijana mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na pia anapohama kimataifa mpaka mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 23.

Sasa tatizo. Fedha hizi hazifuati kumbukumbu za wazee wa mtaa. Zinafuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa tangu utotoni, na siku hizi zinapitia ofisi maalumu ya malipo ambayo FIFA iliianzisha 2022. Kama timu yako si mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, au ulimchezesha kijana miaka minne bila kumsajili popote, kwenye mfumo ni kama hukuwahi kuwepo.

Na kijana akiondoka kama mchezaji huru, hakuna ada, kwa hiyo hakuna mshikamano. Hapo ndipo ule mkataba wa jambo la tatu unagusa mpaka timu ya mtaani.

8. Anayeomba hela ya majaribio, mkimbie

Kila dirisha likifunguliwa, matapeli nao wanafungua lao. Wanakuja na kofia, kadi yenye nembo, na maneno matamu: "Mwanao kaonekana, kuna majaribio nje, toa ya viza tu." Mzazi anauza ng'ombe, mtoto anaishia kwenye gesti mji asioujua.

Shika haya:

- Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na tangu 2023 leseni hiyo inapatikana kwa mtihani. Majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti ya FIFA, mtu yeyote anaweza kutafuta.
- Kwa mtoto, wakala anahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Kumalizana na mtoto pembeni ni kosa.
- Uhamisho wa kimataifa kwa mchezaji chini ya miaka 18 umekatazwa na FIFA, isipokuwa kwa mazingira machache, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo "klabu ya Ulaya inamtaka mtoto wa miaka 15 kutoka Mwanza" ni taa nyekundu.
- Mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu. Ukiletewa wa miaka mitano, usisaini.
- Wakala hulipwa kwa dili iliyokamilika. Anayetaka hela kabla ya mpira kuguswa, biashara yake ni wewe.

Njia za wazi zipo na ziko karibu. Kuna mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kuna ligi za wilaya na mkoa. Mwanza mjini kuna kituo cha Alliance, chenye shule na mpira pamoja, ambacho pia kina timu ya wasichana, Alliance Girls.

Kwa kifupi: maswali matano ya kuuliza kijiweni

Mtu akija na habari "ya ndani kabisa", mpe haya:

1. Nani kasema, klabu au mpambe?
2. Dirisha liko wazi?
3. Mkataba wake wa sasa umebaki muda gani?
4. Kama ni mgeni, anachukua nafasi ya nani?
5. Ada inalipwa, au anaondoka bure?

Akijibu matatu, mskilize. Akishindwa yote, mwache amalize kahawa yake. Na kama wewe ni kiongozi wa timu ya watoto hapo Kisesa, Bujora au kokote kandokando ya ziwa, kabla ya kushinda mjadala wa Simba na Yanga, nenda kwenye chama cha soka cha wilaya ukahakikishe majina ya vijana wako yameandikwa.