Mlango Mwembamba: Mechi za Mchujo katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara na Uzoefu wa Mbeya, 2013–2025

1.0 Utangulizi

Katika misimu saba, kuanzia 2018/19 hadi 2024/25, kupanda na kushuka daraja katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara hakukuamuliwa na msimamo wa ligi pekee. Baadhi ya nafasi ziliamuliwa kwa mechi za mchujo baina ya timu za Ligi Kuu na timu za daraja linalofuata. Insha hii inachunguza iwapo mchujo huo unastahili kupanuliwa. Mbeya imeteuliwa kuwa kitovu cha uchunguzi kwa sababu mkoa huu, uliotoa bingwa wa Bara mwaka 1986 kupitia Tukuyu Stars ya Rungwe, umepitia njia zote za mfumo huu: kupanda moja kwa moja, kupanda kwa mchujo, kunusurika kwa mchujo na kushuka kwa mchujo. Hoja kuu ni kwamba mchujo, kwa jinsi ulivyoundwa, umekuwa ngao ya timu za juu zaidi ya kuwa mlango wa timu za chini. Kwa hiyo, swali la kupanua haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza unapanuliwa upande upi.

2.0 Kabla ya Mchujo: Mfumo wa Makundi

Msimu wa 2012/13 Ligi Daraja la Kwanza ilichezwa katika makundi matatu, na kinara wa kila kundi alipanda. Kwa njia hiyo Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilipanda pamoja na Ashanti United na Rhino Rangers. Katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, Mbeya City chini ya kocha Juma Mwambusi ilimaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mafanikio hayo yanaonyesha kwamba mfumo wa makundi uliweza kuibua timu imara.

Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na udhaifu mkubwa. Nafasi ilikuwa moja katika kila kundi, na timu zilipolingana pointi, tofauti ya mabao iliamua. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 2016 katika Kundi C, ambapo Geita Gold na Polisi Tabora zilizokuwa zikigombea nafasi hiyo zilipata ushindi wa mabao mengi mno siku ya mwisho. TFF iliziadhibu timu hizo pamoja na wapinzani wao kwa upangaji wa matokeo, na Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Funzo la kihistoria hapa ni kwamba mlango unapokuwa mwembamba kupita kiasi, kishawishi cha kuuvunja huongezeka.

3.0 Mchujo wa Jozi Mbili, 2019–2021

Katika awamu ya kwanza, timu mbili za Ligi Kuu zilikutana na timu mbili za Daraja la Kwanza, nyumbani na ugenini. Mwaka 2019 Kagera Sugar iliitoa Pamba, na Mwadui ikaitoa Geita Gold. Mwaka 2021 Coastal Union na Mtibwa Sugar zilinusurika mbele ya Pamba na Transit Camp.

Mwaka 2020 ndio uliotoa matokeo tofauti, na Mbeya ilikuwa pande zote mbili. Mbeya City ilijinusuru dhidi ya Geita Gold. Ihefu ya Mbarali nayo ililingana na Mbao kwa jumla ya mabao 4–4, ikapanda kwa kanuni ya bao la ugenini. Msimu huohuo Lipuli ya Iringa, iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ilishuka moja kwa moja bila kupata nafasi ya mchujo, kwani timu nne zilishushwa ili Ligi Kuu ipungue kutoka timu 20 hadi 18.

4.0 Mfumo wa Sasa, 2022–2025

Ligi ilipobaki na timu 16, mchujo ulibadilika. Timu ya 13 na ya 14 hukutana kwanza. Mshindi hubaki, na aliyeshindwa hukutana na mshindi kati ya timu ya tatu na ya nne za Championship. Timu ya juu imepewa nafasi mbili za kujiokoa, ilhali nafasi za timu za chini katika hatua ya mwisho zimepungua kutoka mbili hadi moja.

Mwaka 2022 Tanzania Prisons ilifungwa na Mtibwa Sugar katika hatua ya kwanza, lakini ikanusurika mbele ya JKT Tanzania. Tabora United ilinusurika mwaka 2024 mbele ya Biashara United, na Fountain Gate mwaka 2025 mbele ya Stand United. Ni mwaka 2023 pekee ambapo mambo yalikwenda kinyume: Mbeya City iliyokwisha kushindwa na KMC ilitolewa pia na Mashujaa ya Kigoma, ikashuka daraja katika Uwanja wake wa Sokoine.

Kwa jumla, katika jozi kumi za madaraja mawili tofauti, timu ya Ligi Kuu ilishinda nane. Mara mbili tu timu ya chini ilipanda, na mara zote mbili timu ya Mbeya ilihusika: Ihefu iliyopanda na Mbeya City iliyoshuka.

5.0 Mjadala

Takwimu hizo zina mipaka yake. Ushindi wa nane kwa kumi unaweza kutokana na ubora wa timu za Ligi Kuu na si upendeleo wa kanuni. Aidha, Ihefu ilishuka baada ya msimu mmoja, jambo linaloweza kutumiwa kudai kwamba timu ya mchujo huwa haijawa tayari. Dai hilo lakini halisimami peke yake: Gwambina, iliyopanda moja kwa moja mwaka huohuo wa 2020, ilishuka pamoja na Ihefu, ilhali Mashujaa ilibaki. Ihefu yenyewe ilirudi mwaka 2022 na, Novemba mwaka huo, ikahitimisha mfululizo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kufungwa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya upanuzi ni ya haki. Timu iliyomaliza ya tatu baada ya mechi 30 ina sababu ya kulalamika ikitolewa na timu ya sita kwa mchezo mmoja. Vilevile kila jozi ya nyumbani na ugenini ina gharama: safari ya Mbeya hadi Kigoma au Musoma si ndogo kwa klabu isiyo na mdhamini mkubwa.

Uingereza inatoa mfano wa kulinganisha. Mchujo ulipoanza huko mwaka 1987, timu ya daraja la juu ilishirikishwa, katika kipindi ambacho daraja hilo lilikuwa likipunguzwa kutoka timu 22 hadi 20. Charlton ilinusurika mwaka huo mbele ya Leeds, na mwaka 1988 Chelsea ikashushwa na Middlesbrough. Kuanzia 1989 timu ya juu iliondolewa, na mchujo ukaachiwa timu za chini pekee. Tanzania nayo iliuendesha mchujo wa madaraja mawili wakati ikipunguza timu, lakini upunguzaji ulipokwisha, kinga ya timu ya juu iliongezwa badala ya kuondolewa.

6.0 Hitimisho

Insha hii inapendekeza mchujo upanuliwe upande wa Championship na upunguzwe upande wa Ligi Kuu. Timu ya 13 ibaki salama. Timu ya tatu ikutane na ya sita, na ya nne na ya tano, kwa mchezo mmoja katika uwanja wa timu iliyo juu, ili msimamo wa ligi upate heshima yake. Washindi wakutane nyumbani na ugenini, na atakayeshinda acheze na timu ya 14 kwa utaratibu huohuo. Mechi zitakuwa sita, sawa na za sasa, lakini timu nne badala ya mbili zitakuwa na sababu ya kupigania mechi za mwisho za msimu.

Jambo hili lina uzito wake Mbeya. Mbeya City ilikaa misimu miwili nje ya Ligi Kuu kabla ya kurejea mwaka 2025, na Ihefu ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars mwaka 2024. Mji ukipoteza nafasi kwa kuhamishwa timu, njia pekee ya kuirudisha ni kuanza tena chini na kupanda. Ndiyo sababu upana wa mlango huo unawahusu watu wa Mbarali kama unavyowahusu viongozi wa ligi.