Mume na Mke katika Maneno ya Kubuniwa
Zamenhof alipokitoa Kiesperanto mwaka 1887, alitunga "patro", yaani baba, kisha kwa kiambishi "-in-" akapata "patrino", mama: mwanamke akawa tawi la neno la mwanamume. Kiswahili Sanifu hakikubuniwa, lakini istilahi zake nyingi zilibuniwa, tangu Kamati ya Lugha ya 1930 hadi Baraza la Kiswahili la Taifa la 1967. Nazo nyingi zinazotaja watu ziliingia katika ngeli ya m-/wa-, isiyotenga mume na mke. Kinyiha nacho ni hivyo. Kwa hiyo pale Ihanda, wilayani Mbozi, mwanamke akiongoza mkutano wa kijiji ni "mwenyekiti" tu. Walakini twasikia "mwenyekiti wa kike"; "wa kiume" ni nadra mno, na mimi mwenyewe sijapata kuliandika.